Kozi ya Bure ya Mzee Umeona

Kwa miaka ishirini na miwili Mzee Umeona alifundisha watu kufuga nyuki, na katika miaka hiyo yote sidhani kama alitumia maneno mia mbili. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hili la Umeona alipewa na wanafunzi, kwa sababu ndivyo alivyofundisha: anavaa kofia yake ya wavu, anafungua mzinga, mikono inaingia, mikono inatoka, sega hili hapa, halafu anageuka. "Umeona?" Mwanafunzi, ambaye muda wote huo alikuwa hatua kumi nyuma akipigana na nyuki mmoja aliyemwandama, anajibu, "Nimeona, Mwalimu." "Basi." Somo limekwisha, watu wakanawe mikono.

Na usidhani alikuwa mbabaishaji. Yule mzee alijua nyuki, jamani! Alikuwa akipita karibu na mzinga anasimama, anatega sikio la kulia, maana la kushoto lilishaanza kugoma, kisha anakwambia malkia wa humo amezeeka. Ukifungua, kweli. Ukimuuliza amejuaje, anakukodolea macho kana kwamba umemuuliza anapumuaje. Barabarani watu wazima walimwamkia "Shikamoo Mwalimu," na ile "Mwalimu" ndiyo iliyomfanya anyooshe mgongo kila asubuhi. Hakuwa na kitu kingine cha kujivunia, na wala hakukitafuta.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Cherehani yake ilikaa sebuleni, chini ya dirisha, na nguo zote ambazo mzee alivaa kwenda kwa nyuki zilitoka hapo: suruali, koti, kofia, hadi vile vitambaa vya kuzibia miguuni. Alimshonea mumewe kinga kwa miaka ishirini na saba bila kuona mzinga ukifunguliwa hata mara moja. Zamani alikuwa akiuliza. "Baba, hivi malkia anachaguliwa na nani?" Mzee anajibu, "Mambo marefu hayo, mama watoto," na kugeukia upande wa pili. Mtu akijibiwa hivyo miaka na miaka, anachoka. Fundi akaacha kuuliza, akashona.

Sasa siku moja akaja Bi Afisa. Huyu alikuwa afisa nyuki mpya, binti mdogo kiumri, mwenye adabu zake zote, ila kwenye karatasi hana mchezo. Akakaribishwa, akaketi kwenye kochi, akakataa chai mara mbili, akakubali ya tatu.

"Baba," akasema, "darasa jipya linaanza Jumatatu ya wiki tatu zijazo. Watu thelathini. Lakini safari hii mkufunzi lazima awe na cheti."

"Cheti cha nini?"

"Cha ukufunzi wa ufugaji nyuki. Kozi iko kwenye intaneti, ni ya bure. Masomo kumi na mawili, ya kusikiliza na ya kutazama, na kuna mwongozo kabisa wa wakufunzi. Mwishoni kuna mtihani. Ukipata sabini kwa mia, cheti kinakuja hapo hapo."

"Mwanangu, mimi nimeanza kufuga nyuki wewe hujazaliwa."

"Najua, Baba. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe badala ya kutuma ujumbe. Asiye na cheti hasimami mbele ya darasa. Siyo mimi, ni utaratibu."

Alipoondoka, mzee aliitazama chai yake hadi ikaota ngozi juu. Bure! Kitu cha bure cha kumfundisha yeye nyuki! Alikasirika, halafu akaogopa, na hofu ndiyo iliyobaki. Bila darasa, yeye angekuwa nani? Mzee mmoja tu mwenye harufu ya moshi.

Simu yake ilikuwa kitochi, ile ya kubonyeza, inayokaa na chaji wiki nzima kwa sababu haina inalolifanya. Kwa hiyo mkwe wao, mke wa kijana wao mkubwa, akaja kumfungulia kozi kwenye simu janja ya Fundi. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, simu ikajaza yenyewe mambo mengine. "Tayari, Baba. Ukigusa hapa somo linaanza. Ukimaliza moja, unagusa linalofuata." Mzee akaipokea ile simu kwa mikono miwili.

Mpango ukawa huu: kila mchana, baada ya chakula, mzee anakaa kwenye kochi, anaisimamisha simu kwenye bakuli la sukari, anaongeza sauti hadi mwisho kwa sababu ya lile sikio, na somo linaanza. "Karibu mfugaji, karibu mkufunzi. Leo tutajifunza maisha ndani ya mzinga." Mama wa kwenye simu alikuwa na sauti tamu ya kubembeleza, nayo ilimbembeleza kweli. Dakika ya tatu kidevu kilikuwa kifuani. Dakika ya tano anakoroma.

Ila somo haliwezi kujua kwamba mwanafunzi kalala. Liliendelea. Na pale dirishani Fundi alikuwa akipinda sketi za shule, dazeni tatu, mguu kwenye pedeli, masikio wazi. Siku ya kwanza alisikiliza kwa sababu hakuwa na namna. Siku ya pili alipunguza mwendo wa cherehani ili asikose neno. Siku ya tatu somo lilipofika malkia anachaguliwa na nani, aliacha kushona kabisa. Kumbe wale nyuki vibarua ndio wanaochagua! Wanachukua yai la kawaida tu, yule mtoto akianguliwa wanamlisha chakula cha peke yake, anakuwa malkia. Dakika nne tu. Hayo ndiyo mambo marefu aliyonyimwa miaka yote! Alimtazama mumewe anavyokoroma, akashikwa na hasira hata akakata uzi kwa meno.

Kuanzia hapo mzee akilala, yeye anarudisha somo nyuma na kulisikiliza mara mbili. Akajifunza moshi, akajifunza magonjwa, akajifunza nyuki dume, ambaye hana mwiba, haendi kutafuta chavua, anakula asali ya wenzake na kungoja. "Huyu namfahamu," akaiambia simu, akachukua sketi nyingine.

Siku ya mtihani mzee alivaa shati la kola. Maswali arobaini, na unaruhusiwa kujaribu mara tatu. Ukianguka zote tatu, unangoja siku thelathini. Jumatatu ilikuwa imebaki siku nne.

"Swali la kwanza," akasoma kwa sauti. "Kundi la nyuki huwa na malkia wangapi? Mmoja, wawili, watatu, au wengi." Akawaza. "Wawili."

"Baba, ni mmoja," Fundi akasema kutoka kwenye cherehani.

"Mimi nimewaona wawili! Mama na binti yake, sega moja, mwaka ule wa mvua nyingi. Niliwaona kwa macho yangu haya."

"Mwaka mmoja kati ya mingapi?"

"Swali halikusema mwaka gani." Akagusa wawili.

Ndivyo alivyokwenda na maswali yote. Swali likiuliza kitu cha kwanza kufanya kabla ya kufungua mzinga, na majibu ni kuvaa kinga, kuwasha moshi, kuita majirani au kuosha mikono, yeye anafoka kwamba cha kwanza ni kuusikiliza mzinga, na hakipo, kwa nini hakipo, nani aliyetunga hili swali! Kwa hasira anagusa majirani. Akapata arobaini na tano kwa mia. Kesho yake, akiwa amepunguza ubishi kidogo, akapata sitini na tano. Yule mama wa kwenye simu akamwambia kwa sauti ile ile tamu: "Hongera kwa kujaribu." Mzee alitaka kuitupa simu nje, akakumbuka si yake.

Alikaa kwenye kochi, kola imelegea. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo Fundi hakuwahi kuisikia, akasema, "Mama watoto. Hebu njoo."

"Nina vifungo vya watu hapa."

"Njoo tu. Wewe... umekuwa ukisikiliza kidogo, eti?"

"Kidogo."

"Hebu nijibie hili jaribio la mwisho. Mimi nitakaa hapa pembeni. Ni mimi ninayejibu, ila kwa kidole chako."

Kudanganya kwenye mtihani! Mtu mzima, mwalimu wa watu! Aliona aibu hadi masikioni, lakini hakuondoka. Fundi akafuta mikono, akakaa, akaishika simu yake. Hakusoma kwa sauti. Kidole kilikwenda taratibu, kama anavyopima kitambaa cha mteja mkali, na kila mzee alipofungua mdomo aliinua mkono mwingine kumnyamazisha. Dakika ishirini na tano. Simu ikalia.

Tisini na tano.

"Tumepata!" mzee akaruka. "Tumepata! Nimekwambia mimi nyuki nawajua!" Akainyakua simu, miwani iko kwenye paji la uso, akaona karatasi yenye mapambo pembeni, akaona kitufe cha kijani cha kutuma, na kwa kuwa mkwe alishamwonyesha jinsi ya kutuma, akatuma kwa Bi Afisa hapo hapo. Kisha akashusha miwani ili asome cheti chake.

Jina lililoandikwa pale lilikuwa la mkewe. Lote, mpaka la ukoo wa baba yake. Simu ilikuwa ya Fundi, akaunti ilikuwa ya Fundi, na siku ile simu ilipojaza mambo yenyewe, ilimjaza mwenye nayo. Hakuna aliyeangalia.

Mara simu ikaita mkononi mwake, Fundi akaichukua na kupokea. Bi Afisa. Furaha ilimwagika chumba kizima. "Mama! Hongera sana! Kumbe nawe umo! Tisini na tano, hakuna aliyefika hapo mwaka huu! Nimeshakuingiza kwenye ratiba ya Jumatatu. Baba je, amemaliza?"

Mzee akaivuta simu. "Mwanangu, hicho cheti ni changu. Yeye alijibu tu..." Aliyaona maneno yaliyobaki yanavyokuja, na hayakuwa maneno ya kumwambia afisa.

"Alijibu tu nini, Baba?"

"Alijibu... vizuri."

"Sana! Basi wewe utamsaidia. Msaidizi hahitaji cheti."

Simu ikakatwa. Mzee akamgeukia mkewe. "Utamwambia huwezi."

"Siwezi kweli," akasema Fundi. "Nyuki nawaogopa mimi." Akakitazama tena kile cheti, akakikuza kwa vidole viwili mpaka jina lake likajaa kioo. Alikuwa ameacha shule darasa la sita, na karatasi pekee zilizowahi kuwa na jina lake ni kadi za kliniki. "Lakini nitakwenda."

"Utafungua mzinga wewe?"

"Somo la tano."

Jumatatu darasa lilikusanyika kwenye ghala la ofisi ya Bi Afisa, watu thelathini kwenye mabenchi. Mzee Umeona alikaa nyuma kabisa na bomba la moshi mapajani, akiomba kimoyomoyo kwamba mkewe aboronge. Ndiyo, aliomba hivyo. Simsingizii, yeye mwenyewe alikuja kukiri.

Fundi hakuboronga. Alisimama na futi yake ya kitambaa shingoni, kwa mazoea tu, alisahau kuivua, na alipofika kwenye fito, zile mbao nyembamba za juu ambazo nyuki hujengea masega, aliivuta ile futi na kuwapimia. "Milimita thelathini na mbili. Ukizidisha, nyuki wanajenga upogo, sega linashika fito mbili, ukivuta mmoja unapasua sega zima. Ni kama mkono wa koti, ukikosea kipimo kwapani hata uwe na kitambaa kizuri namna gani, umeharibu." Watu wakaandika. Kule nyuma mzee alikitazama kidole gumba chake. Alipima fito kwa kidole hicho maisha yake yote na hakuwahi kumwambia mtu kwa nini.

Saa kumi na moja jioni, jua limepoa, wakaenda kwenye mizinga. Fundi alivaa nguo alizojishonea usiku wa kuamkia Jumamosi, zenye mfuko wa ziada kifuani. Akaukaribia mzinga. Nyuki wakavuma. Mvumo ule wa kwenye simu unaweza kuupunguza; huu haupunguziki. Mkono ukafika kwenye mfuniko ukaganda.

"Baba," akanong'ona ndani ya wavu. "Somo la tano limenitoka."

Haya, ndio huo wakati wake! Mzee akasogea, mkono tayari umenyooka. Angefungua, mikono ingeingia, mikono ingetoka, umeona, basi, na kila mtu angejua mwalimu ni nani. Kidole kilishagusa mfuniko aliposikia sauti ya bibi mmoja mwenye miwani mstari wa mbele, akimnong'oneza jirani yake kwa nguvu, kama wanavyonong'ona watu wazima:

"Ndiyo yale yale. Sasa atafungua yeye, na sisi tutaambiwa tumeona. Mwaka wa nne huu narudia darasa, na sijaona kitu."

Mwaka wa nne. Mzee alimfahamu sana yule bibi. Alikuwa akimtaja kwa watu: kuna mama mmoja hapa, darasa langu limemkolea, kila mwaka lazima arudi. Maneno yale yalimchoma kuliko nyuki yeyote aliyewahi kumchoma. Akavuta mkono wake nyuma.

"Pu..." akakohoa, akamkabidhi bomba la moshi. "Puliza moshi. Mlangoni, mara tatu, usikaze."

Fundi akapuliza. "Kwa nini mara tatu?"

Mzee akatafuta. Jibu lilikuwepo, lilikuwa mikononi, halikuwahi kupandishwa mdomoni. "Kwa sababu... kwa sababu wakisikia moshi wanadhani moto umekuja. Wanakimbilia asali, wanajaza matumbo ili wahame nayo. Nyuki aliyeshiba ni mzito, hana ugomvi. Ukizidisha moshi, wanahama kweli."

"Heee!" akasema yule bibi, akaandika.

"Sasa fungua. Anza na ufito wa pembeni, ule usio na kitu, uutoe uuweke chini. Kwa sababu unataka nafasi. Usipopata nafasi utawabana, ukimbana mmoja anatoa harufu, na harufu hiyo inawaita wengine wote. Sikiliza. Unasikia mvumo ulivyoshuka? Hapo wamekukubali."

Hakunyamaza tena. Alikuwa kama bomba lililokuwa limeziba, linatema kutu kwanza, halafu maji. Kila alichoambia mikono ya mkewe, watu thelathini walikisikia, nao wakasogea hatua kumi zile wakawa karibu. Akasema hata jinsi ya kumjua malkia aliyezeeka kwa mvumo, kitu ambacho hakimo katika somo lolote kati ya yale kumi na mawili. Fundi akanyanyua sega, zito, limejaa, na akaliinua watu walione. Na hapo hapo nyuki mmoja akapenya kati ya glavu na mkono wa koti.

"Yalaaa!"

"Usiliangushe! Teremsha pole pole. Pole, mama watoto, pole. Hivyo hivyo."

Hakuliangusha. Alilirudisha mahali pake huku machozi yanamtoka ndani ya wavu, akafunga mzinga, na darasa zima likampigia makofi. Bi Afisa akaja na fomu ya mahudhurio. Mzee akaichukua kalamu, akaandika jina lake penye nafasi ya msaidizi, kwa herufi kubwa zinazosomeka.

Kisha akampeleka mkewe pembeni, wakakaa kwenye jiwe. Akamvua glavu, akamgeuza kiganja juu. Kimwiba kilikuwa hapo, cheusi, na ngozi imeanza kuumuka.

"Usikibane kwa vidole," akasema. "Unaona? Kina kifuko cha sumu juu yake. Ukikibana, unaikamulia ndani. Unakikwangua hivi, kwa ukucha, kutoka upande. Na unafanya haraka, kwa sababu hata nyuki akiwa ameshakwenda, hicho kifuko kinaendelea kusukuma chenyewe."

Hayo yote Fundi aliyajua. Somo la nane, alilisikiliza mara mbili. Akaacha mkono wake pale pale, akamwacha aseme mpaka amalize.